Chupa iliyovimba kitako: kisa cha somo la chembe za maji darasa la sita

Kisa hiki ni cha shule ya msingi ya serikali iliyoko pwani. Jina la shule, mji na majina ya watoto nimeyaondoa. Mwalimu wa somo nilikuwa mimi mwenyewe, na ninakiandika kwa ajili ya walimu wenzangu wa Sayansi wanaofundisha mada ya maada, hasa pale inapofika kwenye maji, joto na baridi.

Usuli

Darasa la sita lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 80, wanakaa watatu watatu kwenye dawati. Maabara hatuna. Zana zangu zilikuwa jiko la mkaa, sufuria, glasi chache, chupa za soda za kioo, mirija, rangi ya keki, na kipimajoto kimoja nilichoazima sekondari ya jirani.

Jambo moja kuhusu watoto hawa lina uzito katika kisa chote: wanaijua barafu kuliko mwalimu wao. Diko la samaki liko karibu na shule, na nyumba nyingi zenye friza hugandisha maji kwenye chupa za plastiki za lita moja na nusu, kisha huziuza kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki. Watoto ndio wanaojaza chupa jioni na kuzibeba alfajiri.

Katika andalio la somo nilikuwa na sentensi niliyoihamisha mwaka hadi mwaka: "Maji yakipata joto, chembe zake hutanuka, yakipoa, chembe hunywea." Ilikuwa fupi, inakaririka, na kwenye mtihani inaleta alama. Ina kosa, na kosa hilo ndilo lililozaa yote yaliyofuata.

Kipindi cha kwanza

Nilianza na rangi. Glasi moja ya maji ya baridi, nyingine ya maji ya moto, tone moja la rangi nyekundu kila upande, bila kukoroga. Kwenye maji ya moto rangi ilitawanyika papo hapo, ikapanda na kushuka kama moshi. Kwenye maji ya baridi ilizama kama uzi, ikakaa chini muda mrefu. Watoto walisema wenyewe kwamba kitu ndani ya maji ya moto kinaisukuma rangi kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo nilipoliingiza neno chembe: maji yameundwa na chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, haziachi kutembea, na joto huziongezea mwendo.

Halafu nikaleta chupa ya soda iliyojaa maji ya rangi, mrija umesimama mdomoni, umezibwa pembeni kwa donge la unga uliokandwa. Nikaiweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nikaongeza ya moto kidogo kidogo ili kioo kisipasuke. Maji yakapanda kwenye mrija. Nikaihamishia kwenye maji ya baridi, yakashuka. Mtoto mmoja wa dawati la mbele aliona nisichokuwa nimekitaja: mwanzoni kabisa, kabla ya kupanda, maji yalishuka kidogo. Aliona sawa. Joto hufika kwanza kwenye kioo, chupa inatanuka na kupata nafasi zaidi, ndipo maji ya ndani yanapoanza kupata joto na kupanda. Nilimsifu, nikaeleza kwa haraka, tukaendelea.

Ubaoni nikaandika kwa herufi kubwa: JOTO HUTANUA, BARIDI HUNYWESHA. Wakanakili.

Swali la barafu

Zilikuwa zimebaki dakika chache kengele ilie, msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona chupa za kwetu zikilala kwenye friza zinavimba? Baridi si inanywesha?"

Nilijibu hivi, na nalinukuu jibu langu kwa sababu ndilo kosa kubwa la kisa hiki: "Ndani ya chupa huwa kuna hewa. Hewa ndiyo iliyotanuka."

Mvulana wa nyuma akadakia bila kunyoosha mkono: "Lakini mwalimu, hewa nayo si imepoa?"

Kengele ikalia. Kesho yake asubuhi, kabla ya mstari, yule msichana alinikuta nje ya ofisi. "Shikamoo mwalimu," akasema, akanikabidhi chupa iliyofungwa kwenye kanga kuukuu. Maji yalikuwa yameganda yote, kizibo kimepasuka upande mmoja, na kitako, ambacho kiwandani hutengenezwa kikiwa na mibonyeo ili chupa isimame, kilikuwa kimesukumwa nje kikawa duara kama tumbo la chungu. Niliiweka mezani, ikaanguka. Nikaisimamisha tena, ikaanguka. Akaniambia taratibu, "Hii niliijaza mpaka juu, mwalimu. Hewa haikuwamo."

Maamuzi, na sababu zake

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kunyamaza na kuendelea na mada, kwa kuwa muhtasari ni mrefu na hakuna mkaguzi angeniuliza. Ya pili, kuingia darasani na kuwapa jibu sahihi lote: kwamba maji ni tofauti na vimiminika vingi, kwamba hunywea yanapopoa mpaka karibu nyuzi 4 za Selsiasi, kisha yanaanza kutanuka, na yakiganda yanachukua nafasi kubwa zaidi kwa takriban asilimia 9. Ya tatu, kukiri kosa na kuwaachia wapime.

Nilichagua ya tatu, na sikuchagua kwa ushujaa. Jibu la pili nilikuwa nalo baada ya kusoma usiku ule, lakini niliona kwamba nikilitoa kwa mdomo litakuwa amri yangu ya pili ndani ya siku mbili, inayopinga amri yangu ya kwanza. Watoto wangekuwa na sababu gani ya kuiamini ya pili kuliko ya kwanza? Zaidi ya hayo, mtoto aliyebeba barafu ya kilo moja na nusu kutoka nyumbani ameshafanya nusu ya jaribio. Ilibaki nusu yangu.

Nikaingia darasani na chupa mkononi, nikasema, "Jana nilimjibu mwenzenu vibaya. Chupa hii haikuwa na hewa. Kitu kingine kimeisukuma, na tutakitafuta." Darasa lilitulia kabisa. Nikachukua dasta, nikafuta BARIDI HUNYWESHA, nikaacha ile nusu ya kwanza.

Kabla ya kupima niliwaambia wachore. Kila mmoja achore chembe za maji kama anavyoziona kichwani: maji ya baridi, maji ya moto, barafu. Uamuzi huu niliufanya ili kupata muda wa kupumua, na ukawa wenye faida kuliko yote. Nilipopita kati ya madawati nilikuta karibu nusu ya darasa imechora hivi: maji ya baridi vijiduara vidogo, maji ya moto vijiduara vikubwa vilivyonona. Wachache walichora barafu kama vijiduara vyenye pembe, yaani kila chembe ni kijibarafu kidogo. Mmoja alichora chembe za maji ya moto zikiwa na jasho.

Nikamuuliza mtoto mmoja kwa nini chembe zake zimenona. Akanijibu kana kwamba nimemuuliza jambo la wazi: "Si kama mchele, mwalimu. Ukiupika unavimba."

Kupima

Tulijaza chupa mbili za lita moja na nusu. Moja mpaka mdomoni. Nyingine tuliiacha vidole vinne kutoka kizibo, tukapiga mstari wa maka peni pale maji yalipofika. Hii ya pili tuliipima kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 1,385 pamoja na chupa yake. Zikaenda kulala kwenye friza ya mama wa yule msichana.

Asubuhi ile ya pili nyuso zilibanana mezani. Iliyojazwa ilikuwa imevimba kitako kama ndugu yake. Iliyoachiwa nafasi ilikuwa imesimama vizuri, na barafu imepita mstari wetu kwa karibu vidole vitatu. Tukaiweka kwenye mizani: gramu 1,395.

Kelele zililipuka. Imeongezeka! Barafu ni nzito! Sikulitarajia hilo, na kwa sekunde chache nami nilibabaika. Kisha nikaona chupa ilivyokuwa inatiririka kwa nje, na kimaji kimetanda kwenye sahani ya mizani. Nikawauliza maji haya ya nje yametoka wapi. Wengi wakasema yamepenya kwenye plastiki. Tukaipangusa chupa kwa kitambaa, tukapangusa na sahani, tukapima haraka: 1,385. Gramu kumi zilikuwa ni mvuke wa hewa ya pwani. Chembe za maji zilizokuwa zikiruka huru hewani ziligusa plastiki ya baridi, zikapungukiwa mwendo, zikashikana na kuwa matone. Kama yangekuwa yamepenya kutoka ndani, barafu ingepungua na jumla isingeongezeka hata kidogo. Hoja hiyo ya mwisho ilitolewa na yule mvulana wa nyuma.

Uzito ni uleule, nafasi imeongezeka. Hapo watoto walikuwa na vipande viwili vya ushahidi mkononi. Chembe hazikuongezeka idadi, kwa kuwa uzito haukubadilika. Na hakuna aliyeongeza kitu ndani ya chupa. Ilibaki swali moja: zimekaaje hata zikahitaji nafasi kubwa zaidi?

Tulipoiacha barafu iyeyuke kwenye beseni, kipimajoto kikiwa katikati ya vipande, kilikaa kwenye 0 muda wote, ijapokuwa jua lilikuwa kali na watoto walikuwa wanapokezana kukisoma. Niligusia tu: joto linaloingia wakati huo linatumika kuzifungua chembe zilizoshikana, haliendi kwenye kuziongezea mwendo. Gramu moja ya barafu inahitaji takriban jouli 334 (jouli ni kipimo cha nishati) ili iyeyuke, wakati kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kama jouli 4.2 tu. Kwa darasa la sita namba hizi sikuziandika ubaoni. Nazitaja hapa kwa mwalimu atakayeulizwa.

Uwanjani na kamba

Nilichukua watoto 24, tukaenda uwanjani. Niliwaambia wasimame karibu karibu na kuzungukazunguka, bega kwa bega, kila mmoja akimshika jirani kwa mkono mara moja na kumwachia. Hayo ndiyo maji. Tukaweka kamba chini kuwazunguka, tukaifunga. Wote walitosha ndani.

Kisha: "Sasa mnapoa. Punguzeni mwendo. Polepole zaidi." Wakasogea karibu, pakabaki nafasi ndani ya kamba. Hapo ilikuwa ile kanuni yao ya ubaoni, na mpaka hapo ni ya kweli.

"Sasa mnaganda. Jipangeni sita sita, mshikane mikono iliyonyooka kabisa, asiinamishe mtu kiwiko." Yakatokea maduara manne ya watoto sita, kila duara na tundu katikati. Na kamba ikawa ndogo. Duara moja lote lilitoka nje, watoto wawili wakiikanyaga kamba bila kupenda. Mmoja wao akapiga kelele, "Ndiyo maana chupa imevimba! Mikono!"

Hii ndiyo picha niliyoitaka. Molekuli ya maji, yaani ile chembe tuliyokuwa tukiitaja, ina oksijeni moja na hidrojeni mbili, na hidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani. Maji yakiwa kimiminika, mishiko hiyo hukatika na kuungana upya bila kukoma, na chembe huweza kujipenyeza karibu karibu. Yakiganda, kila molekuli hushikana na majirani wanne kwa umbali na pembe maalumu, na mpangilio unaotokea una matundu ya pembe sita. Barafu ni jengo lenye vyumba vitupu. Ndiyo maana inaelea, na ndiyo maana huko juu Kilimanjaro maji yaliyoingia kwenye nyufa za mawe mchana huyapasua yakiganda usiku.

Mtoto mmoja akauliza ndani ya matundu kuna nini. Nikajibu hakuna kitu. Hawakukubali. "Hewa, mwalimu." Tulibishana sana hapo, na nadhani hili la utupu ndilo gumu kuliko yote kwa umri wao. Mtoto hajawahi kuona mahali pasipo na kitu.

Tulimaliza kwa mvuke. Maji yanayochemka pwani, karibu na nyuzi 100, yakigeuka mvuke huchukua nafasi ya mara 1,600 na zaidi. Ukipima umbali kati ya chembe na chembe, unaongezeka kama mara 12. Nikawaambia: mliosimama hatua moja moja, sasa simameni hatua kumi na mbili. Watoto watano tu walitosha kutoka mlingoti wa bendera mpaka kwenye mwembe.

Matokeo

Wiki mbili baadaye niliwapa swali lile lile la kuchora, bila kuwaonya. Wengi sana sasa walichora vijiduara vyenye ukubwa mmoja katika hali zote tatu, wakabadilisha umbali na kuweka vimishale vya mwendo. Barafu yao ilikuwa na matundu. Wachache waliendelea na chembe zilizonona, na wote waliokuwa wagonjwa au watoro siku ya kamba wamo katika kundi hilo.

Lakini kwenye mtihani wa muhula swali lilikuwa la kuchagua: "Maji yakipoa, (a) hutanuka (b) hunywea…" Baadhi ya watoto wangu bora walichagua hutanuka, wakifikiria barafu, wakakosa. Swali halikusema yanapoa kutoka wapi hadi wapi. Niliumia kwa ajili yao.

Mama wa yule msichana hajazi tena chupa mpaka mdomoni. Mtoto alimwekea mstari wa maka peni kwenye chupa ya kielelezo, na sasa wanapoteza chupa chache.

Uchambuzi: kilichosaidia

Kuchora kabla ya kueleza. Bila michoro ile nisingejua kwamba nusu ya darasa inaziona chembe kama punje za mchele. Na nikilitazama sasa, kosa la watoto lina mantiki safi. Kwa Kiswahili cha nyumbani chembe ni kitu cha kushikika: chembe ya mchanga, chembe ya chumvi, chembe ya mtama. Jikoni mtoto ameona punje ya wali ikivimba kwa moto na maharage yakivimba kwa maji. Halafu mwalimu anakuja na kumwambia "chembe hutanuka". Ameshaona kwa macho yake, kwa nini asiamini? Kinachotanuka ni maji, yaani umbali kati ya chembe. Chembe yenyewe inabaki vilevile, iwe kwenye barafu, kwenye ndoo au kwenye mvuke wa sufuria.

Mizani nayo ilifanya kazi ambayo maneno yasingeweza. Na lile tatizo la gramu kumi, ambalo ningeliepuka kama ningejaribu peke yangu nyumbani kwanza, lilitupatia somo la mtonesho, yaani mvuke kupoa na kuwa matone, ambalo nilikuwa nimelipangia kipindi kizima.

Kukiri kosa mbele ya darasa kulinigharimu kidogo kuliko nilivyoogopa. Maswali yaliongezeka siku zilizofuata, hasa kutoka madawati ya nyuma. Mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari wa hapa Tanzania, Erasto Mpemba, aliona maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa alipouliza, lakini hakuacha kuuliza. Baadaye mwanafizikia Denis Osborne alilichukua swali lake kwa uzito, wakalichapisha pamoja mwaka 1969, na wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo. Nilikuwa naijua habari hiyo siku zote. Nilipoulizwa swali la friza na mwanafunzi wangu mwenyewe, bado nilijibu kwa haraka.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kwanza, kanuni ilitangulia ushahidi wote. Chupa ya mrija inaonyesha maji ya vuguvugu na ya baridi ya kawaida, labda nyuzi 25 hadi 60. Kutoka hapo nikaandika ubaoni sentensi inayodai kila baridi. Ningeandika "maji ya moto yakipoa hunywea", swali la msichana lingekuwa mwendelezo wa somo, lisingekuwa pingamizi.

Pili, jibu la hewa. Halikuwa hata na mantiki ya ndani, kama mvulana alivyoonyesha kwa sentensi moja. Nililitoa kwa sababu kengele ilikuwa karibu na watoto 80 walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema, "Niletee hiyo chupa kesho."

Tatu, mchezo wa kamba una kasoro ambayo sikuisema wazi. Watoto wanaocheza barafu walisimama tuli, na baadhi yao sasa wanaamini chembe za barafu zimekufa. Hazijafa, zinatikisika mahali pake. Nilipaswa kuwaamuru watetemeke huku wameshikana mikono. Nilifanya hivyo na darasa lililofuata, wakacheka sana, lakini hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba chembe za barafu zimesimama.

Nne, maji yanayochemka niliyapitia haraka mno. Mpaka leo wengi wanasema mapovu makubwa ya sufuria ni hewa. Vipovu vidogo vinavyotokea mapema, maji yakiwa bado ya uvuguvugu, ni hewa kweli, ile iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Yale makubwa ya kuchemka ni mvuke, maji yenyewe. Kutenganisha hayo mawili kunahitaji kipindi chake, na mimi nilikipa dakika tano.

Muhula ujao nitaanza mada kwa sahani mbili mezani: punje za mchele mbichi na wali uliopikwa. Nitawauliza watoto kama chembe za maji zinafanya hivi, na nitawaacha wabishane kabla sijaandika neno lolote ubaoni. Chupa iliyovimba bado ninayo. Barafu iliyeyuka siku ileile, lakini kitako hakikurudi ndani, na kwenye kabati la ofisi inalala ubavu kwa kuwa haiwezi kusimama.